Mfasiri wa Picha na Mkono wa Kushoto

Jua limekwisha kuinama upande wa Kilindini, na Stefano Dzoro amepanda juu ya pipa, kata ya kuchotea maji mkononi, analowesha kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni marekani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi, vipande vinne vilivyoshonwa pamoja, kimewambwa kwenye nguzo mbili katika uwanja wa Tononoka. Dzoro anachota maji kwenye ndoo, anayarusha juu, yanatiririka mpaka chini. Anashuka, anasogeza pipa, anapanda tena. Haachi mpaka marekani yote imelowa na kunyooka.

"Kikikauka, wa nyuma hawaoni kitu," anasema. "Maji ndiyo yanayopitisha picha upande wa pili."

Maana hapa watu hukaa pande mbili. Mbele ya kitambaa, upande ulio na mashine, kuna mabenchi, na kiti ni nusu rupia. Nyuma ya kitambaa kumetandikwa mikeka, na hapo ni senti kumi. Picha ni moja. Ila aliye nyuma huiona imegeuka. Mkono wa kulia huwa wa kushoto, na wa kushoto huwa wa kulia, kama vile mtu kuitazama nguo yenye maua kwa upande wa ndani.

Jambo hilo dogo ndilo linalomfanya Dzoro siku hizi atembee ameinamisha uso.

Toroli la abiria, lile la kusukumwa juu ya reli, linapita njiani, limembeba karani mmoja na mwavuli wake. Mmoja wa wasukumaji anamwona Dzoro juu ya pipa, anapaza sauti: "Mwalimu! Leo wampa kwa mkono gani?"

Mwenzake anaangua kicheko mpaka toroli linapunguza mwendo. Dzoro anachota maji mengine na kuyamwagia pale pale palipokwisha kulowa.

Dzoro ni mtu wa miaka arubaini na kitu, mrefu, mwenye sauti nzito inayofika mbali bila kupiga kelele. Kwao ni Rabai. Aliletwa kisiwani akiwa mtoto, akajifunza kusoma kwa watu wa misheni, akabatizwa, kisha akawa hamali bandarini Mbaraki kwa miaka mingi. Kizungu alikiokota huko huko, kwa kusoma maandishi ya makasha na kuwasikiliza makarani wakigombana.

Mwaka 1912, muuza nguo aitwaye Awadh bin Yeslam alileta mashine ya picha zinazokwenda kutoka Bombei. Watu walifurika, lakini hawakuelewa kitu. Picha hazina sauti. Katikati hutokea maneno ya Kizungu, yakaondoka kabla mtu hajayashika. Basi Awadh akatafuta mtu wa kusimama kando ya kitambaa na kuwaambia watu kinachotokea. Mgongo wa Dzoro ulikuwa umekwisha kuchoka na magunia. Akaikubali kazi hiyo kwa rupia kumi kwa mwezi, na mkewe, Kadzo, huongezea kwa kuuza mbaazi na mahamri.

Kazi yake nyingine haina mshahara. Kila Jumapili alasiri, katika chumba cha kufundishia kilicho karibu na njia ya Mbaraki, Dzoro hukaa na vijana wa kanisa, wavulana na wasichana, wakazungumza juu ya picha waliyoitazama jana yake.

Wazee wa kanisa hawakupenda. Walimwita, wakamuuliza vipi mtu wa sala anawapeleka watoto kwenye banda la mchezo.

"Niliwaambia, wataenda tu," anasema Dzoro. "Afadhali waende, kisha wakute mtu wa kuwauliza walichokiona."

Anasimulia ile picha ya jambazi aliyejificha kwenye kinu cha unga, mke wa mwenye kinu akamletea maji. Jumapili yake aliwauliza vijana: wewe ungemfungulia? Charo, kijana wa miaka kumi na sita anayepakia magunia Mbaraki, akajibu: "Mimi ningetia komeo, nikatia na kinu chenyewe mlangoni!" Walicheka, wakabishana mpaka jua likatua. Mwisho wa maneno wakajikuta wanazungumza juu ya Yesu na kumpenda adui, wala hakuna aliyewaburuta mpaka hapo.

"Ukimwambia kijana ampende adui yake, atainamisha kichwa aseme ndiyo," anasema Dzoro. "Mwambie yule jambazi wa jana yuko mlangoni kwenu. Hapo ndipo atakapokwambia kweli."

Ndivyo alivyojivunia. Na kwa sababu alijivunia, aibu hii imemwingia mpaka kwenye mifupa.

Majuma matatu yaliyopita ilikuja picha ya mama mjane. Mama huyo ana mkate mmoja tu mezani. Nje mvua inanyesha. Mtu mgeni, nguo zake matambara, anasimama mlangoni. Mjane anaukata mkate nusu kwa nusu, anamnyoshea. Basi. Haina mbio wala farasi.

Dzoro aliipenda alipoionyeshwa mara ya kwanza. Alijisemea kwamba Jumapili hiyo hatakuwa na taabu ya kutafuta la kusema, kwa maana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba anayempa mwenye njaa amempa yeye.

Lakini Jumamosi hiyo uwanja ulikuwa baridi. Picha ya kwanza haikuwafurahisha watu, na Awadh alikuwa amesimama kwenye kamba ya mlango, mikono kiunoni. Mjane alipounyosha mkate, sauti ikatoka nyuma ya kitambaa, kule kwenye mikeka. Ilikuwa sauti ya Charo.

"Mwalimu! Mbona ampa kwa kushoto?"

Mombasa hapana haja ya kuelezwa. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kumpa mtu chakula si mojawapo. Kumpa mtu kwa kushoto ni kumwambia hana thamani.

Mbele, watu waligeuza vichwa kumtazama Dzoro. Wao waliuona mkono wa kulia, wakataka kusikia atajibu nini.

"Jibu nilikuwa nalo mdomoni," anasema Dzoro. "'Mko nyuma, nyinyi.' Ni hayo tu. Mimi ndiye ninayekilowesha kitambaa. Nani ajuaye kuliko mimi kwamba wa nyuma huona kinyume?"

Hakulisema hilo. Alisema: "Kwani hujui? Mgeni asiyealikwa hupewa kwa kushoto!"

Uwanja ulilipuka. Wa mbele walicheka, wa nyuma walipiga mikeka kwa viganja. Fundi anayezungusha mkono wa mashine alicheka mpaka akapoteza mwendo, na yule mjane kwenye kitambaa akaanza kwenda polepole kama mgonjwa.

"Nikasikia raha," anasema Dzoro. "Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilisikia raha."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Chuoni kwao, katika chumba kile cha kufundishia, kuna desturi. Kila Jumapili huliwa mbaazi alizopika Kadzo, na sahani ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kutia mkono, hupelekwa kwa aliye mlangoni. Kwa mwaka mzima aliyekuwa mlangoni ni Bi Swabaha.

Bi Swabaha ni mwanamke mzee wa Mji wa Kale. Huuza fagio za makuti, na Jumapili hupita njia ile akirudi kwao. Ni Mwislamu. Hakuna aliyemwambia aingie kusali, naye hakuwauliza wanasali nini. Alikuwa akiweka fagio zake chini, akakaa barazani, akaipokea sahani kwa mkono wa kulia na kuishikilia chini kwa ule mwingine, akasema, "Mungu awaweke." Akala, akaondoka.

Siku hiyo Charo ndiye aliyeichukua sahani, ikiwa imefunikwa kwa kawa kama kawaida. Alipofika mlangoni aligeuka, akawatazama wenzake. Akaihamisha sahani mkono mwingine, akainyosha kwa kushoto.

"Karibu, mgeni," akasema.

Chumba kizima kilicheka.

Dzoro alikuwa ndani, anapanga mabenchi. Aliona yote. Alimwona Bi Swabaha akiutazama ule mkono. Kisha akamwona akiinua uso, akitazama ndani, juu ya bega la kijana, mpaka macho yao yakakutana.

Bi Swabaha aliipokea sahani. Aliiweka juu ya kidaraja cha kupandia mlangoni. Kawa lilikuwa limekaa upande, akalinyosha likafunika vizuri. Akazikusanya fagio zake, akaenda zake.

"Alikifunika," anasema Dzoro. "Angekimwaga ningepata pa kushika, ningesema ana hasira. Alikifunika kile chakula ili inzi wasiingie."

Hakumfuata. Anakiri kwamba aliogopa vijana watamuuliza anamfuatia nini. Na yale maneno aliyoyaandaa juu ya mjane na mgeni yalibaki kifuani. Kijana mmoja alimuuliza, "Leo hatuzungumzi picha, mwalimu?" Akajibu kwamba kichwa kinamuuma.

Neno likatoka hapo likaenda mjini. Mahamali wa Mbaraki walipopeana magunia walikuwa wakiambiana, "Shika, mgeni, cha kushoto hicho." Kule Feri, mvushaji alimrudishia abiria chenji kwa mkono huo, akajibiwa tusi, na walio mashuani wakacheka mpaka ng'ambo. Jumamosi ya pili, watu ambao hawajapata kukanyaga Tononoka walikuja kulisikia neno lenyewe. Mjane alipotokea, wa nyuma walilisema wote pamoja kabla Dzoro hajafungua mdomo.

Awadh alimpiga bega. "Kwa nini hukuniambia zamani kwamba wajua kuchekesha?"

Bi Swabaha hakuonekana Jumapili hiyo. Wala ya pili yake.

Alhamisi iliyopita Kadzo alimwambia mumewe, "Nenda. Na usiende na sahani. Ukienda na sahani utakuwa wataka kumnyamazisha."

Akaenda mikono mitupu. Alimkuta Bi Swabaha barazani kwake, katika kichochoro chembamba cha Mji wa Kale, anafunga fagio, na jirani yake, Bi Mwanaesha, amekaa kando anachambua mchele.

"Masalkheri, Bi Swabaha."

"Masalkheri. Nani?"

"Ni mimi, Dzoro."

"Wa picha?"

"Wa picha."

Bi Mwanaesha aliacha mchele. "Huyu ndiye yuwatoa kwa kushoto?"

"Nyamaza weye," akasema Bi Swabaha. "Mtu hajakaa."

Aliinuka kwa taabu, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Akamnyoshea Dzoro kwa mkono wa kulia, na ule mwingine akaushika kwenye kiwiko, kama apewavyo mtu mkubwa.

"Hukualikwa," akamwambia. "Shika."

Dzoro anasema mpaka leo hajui aliyanywaje maji yale.

"Nimekuja kukuomba radhi, mamangu," alisema Dzoro. "Ile picha haikusema vile. Wale vijana walikaa nyuma ya kitambaa. Huko nyuma mambo huonekana kinyume."

"Na weye ulikaa wapi?"

"Mbele."

"Basi," akasema Bi Swabaha, akaendelea kufunga fagio.

Bi Mwanaesha alikuwa hachambui tena, anasikiliza tu.

"Radhi ya mlangoni nimekwisha kuwapa," akasema Bi Swabaha. "Yule ni kijana, na mikono yake haijakomaa. Lakini weye hukunitukana mlangoni. Weye ulinitukana Tononoka, mbele za watu, na miye sikuwapo. Basi radhi yangu kaiombe huko huko."

"Nikishaiomba, utakuja?"

"Nitakuja nikisikia mji umenyamaza."

Ndiyo maana leo Dzoro anakilowesha kitambaa kama mtu anayeosha kitu kisichotoka. Hii ni Jumamosi ya mwisho ya picha ya mjane. Jumatatu inapakiwa meli kwenda Unguja, na baada ya hapo hapatakuwa tena na mahali pa kulirudisha lile neno lilipotokea.

Mchana alimwendea Awadh dukani, akamweleza kwamba leo ataisema picha sawasawa.

"Sawasawa vipi?" akauliza Awadh, futi ya kupimia nguo begani.

"Kwamba mama yule ampa kwa kulia."

"Dzoro, ndugu yangu. Miye nauza kicheko. Hao watu waja kwa lile neno, hawaji kwa mkate. Siku moja imebaki, nawe wataka kuimwagia maji?"

"Nimemkosea mtu, Bwana Awadh."

"Mwombe radhi huko kwake."

"Amekataa kuipokea huko."

Awadh alimtazama, akaikunja nguo aliyokuwa ameishika. "Sawa. Usipolisema leo, Jumamosi ijayo nitamsimamisha mwingine hapo. Usije ukasema sikukwambia."

Watu wanajaa mapema. Mbele mabenchi hayatoshi, wengine wamesimama. Nyuma, vijana wa kanisa wamekaa kwenye mkeka mmoja, Charo katikati. Hajamtazama mwalimu wake usoni tangu siku ile ya sahani.

Taa ya mashine inawaka. Inapita picha ya kwanza, Dzoro anaieleza vizuri, watu wanatulia. Kisha nyumba ya mjane inatokea, na mvua, na mgeni mlangoni.

"Kushoto! Kushoto!" wa nyuma wanaimba.

Dzoro anainua mkono. Picha haiwezi kusimamishwa, ikisimama inaungua, kwa hiyo hana muda ila ule wa mkate kutoka mezani mpaka mlangoni.

"Nyuma huko! Mko nyuma ya kitambaa!" anasema. "Mama yule ampa kwa kulia. Mimi niko mbele, namwona. Nilimwona tangu siku ya kwanza, nikawaambia uongo ili mcheke. Kuna mama wa watu amekosa chakula mlangoni kwetu kwa kicheko hicho. Mkosa ni mimi. Namwomba radhi mbele zenu."

Inasikika mashine peke yake.

Kisha mmoja anapaza sauti kutoka benchi la mbele: "Wacha hotuba, mwalimu!" Na nyuma: "Turudishieni senti kumi!" Mtu anapiga mluzi.

Nyuma ya kitambaa, Charo anainuka. Anainama chini ya kamba inayotenga nyuma na mbele, marekani inamdondokea maji begani, anatokea upande wa mbele. Anasimama hapo, karibu na Dzoro, ameinua uso. Mjane ndiyo kwanza anaunyosha mkate.

"Ni kulia," anasema polepole. Halafu anawageukia walio nyuma, kwa sauti: "Haki ya Mungu, ni kulia! Njooni muone!"

Wanakuja. Kwanza wale wa mkeka wake, kisha mikeka yote, wanapita chini ya kamba, wanakanyagana, ndoo ya maji inapinduka. Awadh yuko mlangoni anapiga kelele: "Nyie! Nyie! Mmelipa senti kumi nyie!" Wengi wanapofika mbele, mjane amekwisha kwenda zake, na kwenye kitambaa yuko mtu mwingine kabisa anayemkimbiza kuku.

Picha zilipokwisha, Awadh hakumwambia Dzoro neno, isipokuwa moja, naye ameshampa mgongo: "Jumatatu njoo dukani." Kama ni kuitwa kazini au kufukuzwa, Dzoro hajui.

Jumapili, chuoni, vijana wamekaa kimya kuliko kawaida. Dzoro anauliza swali lake la siku zote: "Mliona nini?"

Baadaye Charo anasema, bila kuinua uso: "Sisi tulidhani yule mjane ndiye hana adabu."

Dzoro anatikisa kichwa kukubali. Hatii neno la dini juu yake. Anaacha likae hapo.

Sahani ya kwanza inapakuliwa, inafunikwa kwa kawa, inawekwa kwenye kidaraja cha mlango. Charo anaomba aipeleke Mji wa Kale, mbio mbio, ingali moto.

"Hakuagiza," anasema Dzoro. "Alisema atakuja mwenyewe mji ukinyamaza."

Mji haujanyamaza. Toroli linapita, na yule msukumaji wa jana anaona mlango uko wazi. "Mwalimu! Kwa kushoto!"

Charo yuko kizingitini kabla mtu hajamzuia. "Ulikaa nyuma weye!" anamjibu.

Msukumaji anaduwaa. Mwenzake, aliyekuwapo Tononoka jana, anacheka peke yake, anamwambia, "Umepatikana! Ulikaa nyuma!" Na wanaendelea na njia yao wakirushiana hilo jipya, mpaka sauti zao zinapotea upande wa mjini.

Vijana wanacheka. Dzoro hacheki. Amekwisha kuona kicheko kinavyoweza kwenda mbali. Lakini anasikiliza toroli linaelekea wapi.

Dzoro anasema kwamba Awadh akimrudisha kazini, jambo la kwanza kila Jumamosi, kabla taa haijawashwa, litakuwa kuwaambia wa nyuma kwamba wanachokiona kimegeuka. Asipomrudisha, atarudi Mbaraki, mgongo utazoea, na Jumapili ataendelea kuwauliza vijana walichokiona. Lakini si hilo analolifikiria sasa. Anainama kwenye kidaraja, anafunua kawa, anatazama kama hakuna inzi, anafunika.

"Akija, nitampa mwenyewe," anasema. "Kwa mikono miwili. Hiyo, mtu akiitazama kwa mbele au kwa nyuma, ni ile ile."